Maswali na Majibu: Mali Iliyoachwa Marekani Ni ya Nani?

Kila jimbo la Marekani lina sheria zake za mali, ndiyo maana majibu mengi yametaja jimbo.

Mpangaji wangu wa California amehama, kaacha makochi, televisheni na sanduku lenye kufuli. Naweza kuvitupa?

Bado. Mpe kwanza notisi ya maandishi: vitu gani, avifuate wapi, mwisho lini, na kwamba anaweza kutozwa gharama ya kuvitunza. Notisi iseme pia vitu vitafanywa nini asipotokea. Ukimkabidhi mkononi ana siku 15. Ukiituma kwa posta, siku 18. Wengi hukwama hapa: barua inakwenda kwa posta huku ndani wameandika siku 15. Sanduku usilivunje, sheria inakuruhusu kuandika tu kwamba kuna sanduku lililofungwa.

Muda ukiisha, kadiria thamani ya vitu vyote kwa bei ya mtumba, si ya dukani. Ikiwa chini ya dola 700, viuze, vitupe au baki navyo. Ikifika dola 700, ni mnada wa hadhara uliotangazwa gazetini. Ukishatoa gharama za utunzaji, tangazo na mnada, salio linakwenda hazina ya kaunti ndani ya siku 30, na mpangaji ana mwaka mmoja wa kulidai. Usijikatie humo kodi unayomdai; hiyo ina njia yake mahakamani.

Nimeokota bahasha yenye dola 600 barabarani, New York. Mwenye kuokota si ndiye mwenye mali?

Siyo hivyo. New York, kitu cha dola 20 au zaidi hurudishwa kwa mwenyewe au hupelekwa polisi ndani ya siku 10, na kukaidi ni kosa la jinai. Dai stakabadhi yenye jina lako. Kwa dola 600 polisi hungoja mwaka mmoja. Asipojitokeza mwenyewe, unaweza kuzidai. California kiwango ni dola 100 na kungoja ni siku 90.

Rafiki aliacha baiskeli kwangu miezi minane iliyopita. Sasa ni yangu?

Hapana. Kutelekeza mali kunahitaji nia ya kuiacha moja kwa moja, na ukimya peke yake hauthibitishi nia. Mwandikie, mpe tarehe ya kuifuata, hifadhi nakala.

Marehemu baba alikuwa na akaunti California. Benki inasema haipo tena.

Huenda fedha ziko serikalini. Akaunti isiyoguswa, na mwenyewe asiwasiliane na benki kwa miaka 3, hukabidhiwa jimbo; mshahara usiochukuliwa, mwaka 1 tu. Warithi wanaweza kudai wakati wowote, bila ada, kwa ofisi ya State Controller, yaani mdhibiti wa fedha wa jimbo. Andaa cheti cha kifo, uthibitisho wa urithi, na karatasi yoyote yenye anwani yake ya zamani, kwa kuwa anwani ndiyo inayomtofautisha na wenye jina kama lake. Tafuta kila tahajia: Mohamed, Muhammad, Mohammed.

Usipoona kitu, jaribu majimbo mengine aliyoishi. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1965, fedha hizi hufuata anwani ya mwisho ya mwenyewe iliyo kwenye vitabu vya benki au kampuni iliyokuwa nazo. Anwani isipokuwepo, zinakwenda kwa jimbo ilikosajiliwa kampuni hiyo, na kampuni nyingi zimesajiliwa Delaware. Akikupigia wakala anayejitolea kukutafutia, jua kwamba California imemwekea kikomo cha asilimia 10, na kazi yenyewe unaiweza.