Magurudumu kuonyesha nguvu pungufu si lazima injini iwe imechoka

Ndugu, nimekuelewa: kitabu cha gari kinataja nguvu farasi 200, mashine ya roli (ile ambayo magurudumu ya gari huzungusha silinda zake ili nguvu ipimwe) imesoma 168, nawe unahofia injini. Kwa takwimu hizo pekee sioni ubovu, kwa sababu mtengenezaji hupima kwenye injini yenyewe, ilhali roli hupokea kilichobaki baada ya giaboksi, shafti, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) na matairi kuchukua sehemu yao.

Ukikadiria upotevu wa asilimia 15, gawanya 168 kwa 0.85 upate takriban 198. Usizidishe kwa 1.15, kosa ninalolikuta mara nyingi, maana asilimia hiyo ni ya nguvu ya injini, si ya magurudumu. Hata hivyo ni makisio tu, kwani upotevu hubadilika kulingana na kasi, mzigo, joto la mafuta ya gia na upepo wa matairi. Ndiyo maana mimi huamini zaidi ulinganisho wa vipimo kadhaa vilivyochukuliwa kwenye mashine ileile, kwa gia ileile na upepo uleule.

Injini ikianza kugonga au joto likipanda kupita kiasi, simamisha kipimo mara moja, umwone fundi. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote 4 kwa kudumu lisipandishwe kwenye roli zinazopokea magurudumu ya ekseli moja tu, kwani difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, inaweza kuharibika.