Dola ya nani, dereva?

*Maswali ya wasomaji kuhusu safari za majini, yanajibiwa na baharia mstaafu wa Mombasa*

Salaam, Baharia. Mimi, mume wangu na watoto wetu wawili twaishi Dallas. Mwezi wa Disemba tutapanda meli ya matembezi kutoka San Juan, Puerto Rico, na miongoni mwa vituo vyake ni St. Thomas na Bridgetown, Barbados. Ziara zinazouzwa melini ni ghali mno kwa watu wanne. Mume wangu asema tushuke tujitafutie teksi. Mimi naogopa kupigwa bei, na naogopa zaidi kuachwa na meli. Tulipe kwa pesa gani? Kadi yakubalika? Na mabasi ya kawaida je, twaweza kupanda?
Mama Watoto, Dallas

Mama, hapa namuunga mkono mumeo, hasa kwa Barbados. Teksi ya kule hutoza gari, haihesabu vichwa, na nyinyi wanne mnaenea gari moja. Ziara ya melini mtalipia kila mtu, hata yule mdogo atakayelala njia nzima.

Usitafute mita kwenye teksi zao, hazina. Nauli hupangwa na serikali, kwa hivyo kabla hujamsogelea dereva yeyote, waulize wale wanaopanga teksi nje ya jengo la abiria wakuonyeshe orodha ya bei. Gari halali utalijua kwa namba yake, inaanza na herufi Z. Akikuvuta pembeni mtu mwenye gari lisilo na Z, mwambie ahsante na uendelee na safari yako.

Sasa pesa, maana hapa ndipo watu wanapoliwa. Barbados ina dola yake, na tangu 1975 dola mbili zao ni moja ya Marekani. Dola zenu zitapokewa karibu kila mahali, hamna haja ya kupanga foleni benki. Tatizo ni kwamba dereva akikwambia "thelathini", hujui ni thelathini za nani. Zikiwa zao, ni kumi na tano zenu. Dereva mwema atakufafanulia mwenyewe. Mwingine atanyamaza tu akikutazama unavyomhesabia noti za Marekani, na ukija kulalamika atakwambia yeye hakusema uongo, nawe huna la kumjibu. Abiria wajanja niliokuwa nikiwasikia pale getini, wakienda tuseme ufuo wa Carlisle Bay, walikuwa wakimaliza mambo hivi:

"Carlisle Bay ni ngapi?"
"Thelathini."
"Za Barbados au za Marekani?"
"Za hapa, bibie."
"Gari zima?"
"Gari zima."
"Kwenda tu?"
"Kwenda tu."

Basi, mlango unafunguliwa na hakuna atakayegombana mbele ya safari. Hiyo thelathini ni mfano, bei ya siku yenu mtaikuta kwenye orodha. Ila maswali ulizeni yote matatu, na ulizeni mkiwa bado mmesimama chini.

Bebeni noti ndogondogo, za dola moja na za tano. Ukitoa ya ishirini, chenji utarudishiwa kwa pesa za Barbados, na melini hizo hazina kazi. Mkibaki nazo, zimalizieni kwa maji na matunda kabla ya kurudi. Kadi itawafaa madukani Broad Street, lakini kwenye teksi msiitegemee. Bakshishi, asilimia kumi inatosha, na kwa dereva aliyewasubiri juani ongezeni kidogo.

Dereva akijitolea kuja kuwachukua, mkubalieni, mpatane saa na mahali, lakini pesa za kurudi atazipata mkishafika bandarini. Dereva anayekudai hawezi kukusahau.

Kwa watoto ningechagua hiyo Carlisle Bay. Si mbali na bandari, maji yake yametulia, kasa wanaogelea humo, na teksi ya kurudi haikosi. Bathsheba, upande wa mashariki, ni pazuri kwa macho, mawe makubwa yamesimama baharini, lakini mawimbi ya Atlantiki pale si ya kuogea mtoto. Tena teksi za kupita hazipo. Mkienda huko, patana na dereva awasubiri, na bei mpatane kwa saa.

Mabasi mtapanda, na mtayafurahia. Nauli ni dola 3.50 za Barbados kwa mtu mzima, iwe basi la serikali la buluu, la watu binafsi la manjano, au zile vani nyeupe zenye mstari wa maruni ambazo wenyewe huziita ZR. Ukishapanda ZR utajua uko nyumbani: muziki juu, konda anasukuma watu, kiti cha watatu kinakaliwa na wanne, ni matatu ya Likoni tu iliyovuka bahari. Basi la serikali halirudishi chenji, shika pesa kamili. Vituo vyao vimeandikwa "To City" au "Out of City". Kurudi Bridgetown, simama penye "To City", na ukumbuke magari hupita kushoto kama kwetu.

Kuachwa na meli sasa. Ziara ya melini ikichelewa, meli huisubiri. Nyinyi mliotoka wenyewe haitawasubiri. Meli nyingine hushika saa yake hata nchi ikiwa na saa tofauti, na simu zenu zitafuata nchi. Mmoja wenu avae saa ya mkono, aiweke saa ya meli, asiiguse. Mwe getini saa nzima kabla ya muda wa mwisho wa kupanda. Kile kikaratasi cha ratiba ya siku huwa na namba ya wakala wa meli bandarini, kipigeni picha.

St. Thomas mambo ni mengine. Pesa ni dola ya Marekani, hilo limekwisha, lakini nauli huko ni kwa kichwa, na mtachanganywa na abiria wengine kwenye magari ya wazi yenye mabenchi. Zidisheni kwa wanne kabla hamjasema ndiyo.

Jambo moja la mizigo: Barbados sheria inakataza raia kuvaa nguo za mabaka ya kijeshi, watoto pia. Kaptula kama hiyo ikiwemo begini, iache Dallas.

Mzee, kijana wangu amepata kazi ya uhudumu kwenye meli za huko Karibiani. Je, wafanyakazi nao hushuka wakatembea?
Baba, Kisauni

Hushuka, ndugu yangu, wakiwa hawana zamu. Lakini katika kila bandari lazima wabaki watu wa kutosha melini kwa ajili ya usalama, na zamu hiyo huzunguka, kwa hivyo asikupigie simu akinung'unika kwamba wenzake wako pwani. Siku yake ikifika, asipande teksi peke yake. Watafutane watatu au wanne wagawane nauli, au wafuate wafanyakazi wa zamani, hao utawakuta kwenye ZR. Muda wa wafanyakazi kurudi huwa mapema kuliko wa abiria. Auangalie kwenye ubao wao, si ule wa wageni.