Je, Beit al-Ajaib Iliponzwa na Chokaa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nyumba ya familia yetu, iliyoko Shangani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, hubambuka plasta kila masika. Fundi anatushauri tuipige saruji ukuta mzima, kwa hoja kwamba Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu, kasri la zamani la sultani) iliporomoka kwa sababu chokaa ni dhaifu. Je, ni kweli, na je, sheria inaturuhusu?
Msomaji, Unguja

JIBU: Ndugu msomaji, hoja ya fundi wako haina msingi, na naomba msiifuate. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash bin Said, ilinusurika mizinga ya meli za Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, ambayo iliibomoa Beit al-Hukm, kasri lililokuwa jirani yake, pamoja na mnara wa taa uliokuwa mbele yake. Baada ya hapo ndipo jengo lenyewe lilipopewa mnara wa saa. Kuta zilizosimama zaidi ya miaka 120 haziwezi kutolewa ushahidi wa udhaifu wa chokaa.

Adui mkubwa wa majengo haya ni maji. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa tena, na chokaa huuachia njia ya kupita. Saruji huufungia ndani: chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, nayo boriti za mikoko huanza kuoza kwenye ncha zilizozama ukutani, mahali asipopaona mtu hadi dari inapobonyea. Beit al-Ajaib ina mzigo wa ziada, yaani nguzo za chuma zinazobeba roshani zake, kwa kuwa chuma kilicho karibu na bahari hushika kutu, na kutu huvimba na kupasua kinachoizunguka. Sehemu ya jengo hilo ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati uliofadhiliwa na Oman, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara na kuua wafanyakazi wawili. Inaniuma kusikia msiba huo ukigeuzwa kuwa tangazo la saruji.

Kuhusu sheria, Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini msimamizi wenu wa karibu ni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, na ukarabati wa nyumba kama yenu unahitaji kibali chake. Pelekeni ombi kabla fundi hajagusa ukuta. Kazi yake ya kwanza iwe kuziba paa na kusafisha mifereji; kisha abandue plasta iliyokufa, auache ukuta ukauke vizuri wakati wa kiangazi, ndipo apige chokaa iliyozimwa kwa maji na kulala vya kutosha, kwa tabaka nyembamba, moja baada ya jingine.