Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Haiwaki Kabisa, Je, Madabodi Imeungua?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka dogo la uchapaji na kutoa nakala hapa Morogoro. Juzi jioni umeme ulikatika kompyuta yangu ya mezani ikiwa kazini, kisha ukarudi kwa nguvu hadi taa zikang'aa kupita kawaida. Tangu hapo kompyuta haiwaki: hakuna taa, feni haizunguki, wala hakuna mlio. Fundi alibonyeza kitufe cha kuwashia, akasema madabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya kompyuta, imeungua na ninunue nyingine. Je, nimsikilize? Na kazi za wateja zilizomo zimepotea?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Ninakusihi usinunue madabodi kwa sasa, kwa sababu kubonyeza kitufe peke yake hakumwambii mtu yeyote kilichoharibika. Kabla umeme haujaifikia madabodi hupita kwenye soketi, waya, fyuzi na pawa saplai, yaani lile kasha la chuma lenye feni ambalo hupokea volti 230 za ukutani na kuzigeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Umeme unaporudi kwa kishindo kama ulivyoeleza, pawa saplai ndiyo inayopigwa kwanza, na mimi ninaishuku hiyo zaidi.

Anza na vilivyo nje. Chomeka chaja ya simu katika soketi ileile ili uhakikishe ina umeme, kisha jaribu kompyuta kwa waya wa umeme wa skrini, ambao mara nyingi ni wa aina moja na wake. Ikiwaka, kosa limo katika waya wa awali, na pengine ni fyuzi iliyo ndani ya plagi tu. Kama pawa saplai ina swichi yake nyuma, hakikisha imebonyezwa upande wenye alama ya I.

Yote hayo yakishindikana, chomoa waya, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, subiri dakika chache, kisha uchomeke tena. Pawa saplai nyingi hujifunga zenyewe zinapopata umeme usio wa kawaida, na hazifunguki mpaka chaji iliyobaki ndani iishe. Nimeona mashine zilizokwisha kutupwa kando zikiwaka kwa hatua hii tu.

Isipowaka, ichomoe kabisa kwenye umeme, fungua ubavu wa kasha la kompyuta (si lile la pawa saplai) na utazame kwa makini. Harufu ya kuungua, au kapasita (vile vikopo vidogo vinavyotunza chaji ya umeme) zilizovimba vichwa, ni ushahidi wa kweli. Chomoa pia vifaa vyote vya USB na nyaya zinazopeleka umeme kwenye diski na kiendesha sidii, uijaribu tena, kwa kuwa kifaa kimoja chenye shoti kinatosha kuifanya pawa saplai igome.

Kipimo cha kumwomba fundi ni hiki. Pawa saplai ichomolewe kwenye madabodi na waya wa ukutani ukiwa umetolewa. Kwa zile za kawaida zenye plagi ya pini 24, kipande kifupi cha waya kiunganishe tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi, ndipo umeme uwashwe. Feni yake isipozunguka, kwa kawaida pawa saplai ndiyo iliyokufa. Ikizunguka, volti zipimwe kwa mita, maana feni inaweza kuzunguka huku volti zikiwa pungufu. Ile ya 12, kwa mfano, isipungue 11.4 wala kuzidi 12.6. Baadhi ya kompyuta za makampuni makubwa zina plagi za mpangilio wao wenyewe, na hizo zijaribiwe kwa pawa saplai nyingine ya aina hiyohiyo. Kasha la pawa saplai lenyewe lisifunguliwe na mtu asiye na ujuzi, kwani kapasita zake hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa.

Volti zikiwa sawa, fundi aguse kwa ncha ya bisibisi zile pini mbili za madabodi zinazopokea waya wa kitufe. Mashine ikiwaka, kitufe ndicho kibovu. Ni baada ya hapo tu ndipo madabodi inaweza kutajwa.

Kuhusu kazi za wateja, hizo zimo katika diski, wala si katika madabodi. Mara nyingi diski hubaki salama, na inaweza kuchomekwa katika kompyuta nyingine ili mafaili yanakiliwe. Usikubali mtu yeyote aiformati, yaani afute vilivyomo, kwa kisingizio cha matengenezo.

SWALI: Nimeletewa kompyuta iliyotumika kutoka Marekani. Nyuma ina kiswichi chekundu kinachosomeka 115. Je, niiwashe hivyohivyo?

JIBU: Hapana. Marekani hutumia umeme wa takriban volti 120, na kiswichi hicho kikibaki kwenye 115 huku kwetu, pawa saplai huzidishiwa umeme maradufu. Fyuzi yake ya ndani hukatika, na kapasita zinaweza kupasuka papo hapo. Waya ukiwa umechomolewa, kisukume kwa bisibisi hadi kisomeke 230, ndipo uchomeke. Pawa saplai isiyo na kiswichi, ambayo kibandiko chake kimeandikwa 100–240, hujirekebisha yenyewe. Utahitaji tu waya wenye plagi ya soketi zetu.