Maswali ya wasomaji: Taunshipu za Minnesota, kuanzia bikoni hadi kura ya Machi

Wasomaji kadhaa wenye ndugu Minnesota na Iowa, na wengine waliokwisha kununua ardhi huko, wametuandikia kuhusu taunshipu, yaani ngazi ya serikali iliyo chini ya kaunti. Majibu haya yanahusu Minnesota, isipokuwa pale tunapoitaja Iowa. Kila jimbo lina sheria zake, kwa hiyo aliye Ohio au Indiana asiyachukue kama yalivyo.

Nasomea upimaji wa ardhi. Kwenye picha za setilaiti mashamba ya huko yote ni miraba, na barabara zimefuata miraba hiyohiyo. Nani aliyapanga hivyo? Na kwa nini barabara iliyonyooka inapinda ghafla hatua chache, kisha inaendelea kama mwanzo? — Msomaji, Mwanza

Mpango huo ulitungwa na Bunge la Marekani mwaka 1785, kabla ya katiba ya nchi hiyo kuandikwa. Serikali ilikuwa na madeni ya vita na ilitaka kuuza ardhi ya magharibi, nayo huwezi kumuuzia mtu ardhi ambayo mpaka wake ni mti na jiwe. Upimaji ulianza tarehe 30 Septemba 1785 kwenye ukingo wa mto Ohio, karibu na mahali ulipo leo mji wa East Liverpool, chini ya Thomas Hutchins. Watu wa asili waliokuwa na ardhi ile hawakuulizwa. Sehemu kubwa ilipimwa baada ya mikataba waliyotia saini chini ya shinikizo, na kwingine vita vilitangulia.

Kipimo chenyewe ni hiki. Taunshipu ya upimaji, yaani kipande cha ramani na si serikali yenyewe, ni mraba wa maili 6 kwa maili 6. Hugawanywa katika sekshoni 36, kila moja maili 1 ya mraba, yaani ekari 640. Robo ya sekshoni ni ekari 160, na ndiyo iliyotolewa kwa walowezi chini ya sheria ya mwaka 1862. Robo ya robo ni ekari 40. Wapimaji walitumia mnyororo wa futi 66: minyororo 80 ni maili moja, na minyororo 10 ya mraba ni ekari moja. Ndiyo maana hesabu zote zinagawanyika bila mabaki.

Namba za sekshoni, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1796, huanzia kona ya kaskazini-mashariki. Namba 1 hadi 6 zinaelekea magharibi, 7 iko chini ya 6, kisha hesabu inarudi mashariki hadi 12, na hivyo hivyo kwenda na kurudi mpaka 36 kwenye kona ya kusini-mashariki. Sekshoni ya 16 ilitengwa kwa ajili ya shule. Minnesota ilipata ya 16 na ya 36.

Sasa barabara zinazopinda. Mistari ya kaskazini-kusini hukaribiana kadiri inavyoelekea ncha ya dunia, kwa hiyo miraba iliyo sawasawa haiwezi kupangwa juu ya mviringo bila kubanana. Wapimaji walifanya mambo mawili. Kwanza, ndani ya kila taunshipu walisukumia upungufu wote kwenye safu ya kaskazini na safu ya magharibi: sekshoni 1 hadi 6, na 7, 18, 19, 30 na 31. Huko ndiko utakuta vipande vya ekari 37 au 43 vinavyoitwa arobaini. Pili, kila baada ya safu kadhaa za taunshipu walichora mstari wa masahihisho na kuanza upya vipimo kamili. Barabara ya mpaka wa sekshoni inapofika kwenye mstari huo haikutani na mwenzake wa upande wa pili, hivyo inabidi ipinde mashariki au magharibi kabla ya kuendelea kaskazini. Ukiona kona mbili kali katikati ya mahindi bila mto wala kilima, mara nyingi ndiyo sababu.

Mume wangu na mimi tunataka kununua ekari 40. Hati inasema NW¼ SE¼, Sec. 14, T107N, R20W. Tuisomeje? Na je, tutapata ekari 40 kweli? — Msomaji, Rochester, Minnesota

Dada, isomeni kuanzia mwisho. R20W ni safu ya 20 magharibi ya meridiani kuu ya tano, yaani mstari wa kaskazini-kusini ambao safu hizo huhesabiwa kutoka kwake. T107N ni safu ya 107 kaskazini, ikihesabiwa kutoka mstari wa msingi ulioko mbali kusini, Arkansas. Minnesota huanzia safu ya 101 kwenye mpaka wa Iowa, kwa hiyo ukingo wa kusini wa taunshipu yenu uko karibu maili 36 kutoka mpaka huo. Sekshoni ya 14 iko safu ya tatu kutoka kaskazini, ya pili kutoka mashariki. Ndani yake chukueni robo ya kusini-mashariki, na ndani ya robo hiyo, robo ya kaskazini-magharibi.

Kipande chenu hakiko kwenye safu za upungufu, kwa hiyo kinapaswa kukaribia ekari 40. Hata hivyo angalieni kwanza kama kinagusa barabara. Barabara nyingi za taunshipu zina hifadhi ya futi 66, yaani futi 33 kila upande wa mstari. Kipande cha ekari 40 kina upande wa futi 1,320. Zidisheni 33 kwa 1,320 mpate futi za mraba 43,560, ambazo ni ekari moja kamili. Ardhi hiyo kwa kawaida inabaki ndani ya hati yenu na mnailipia bei ya ununuzi, lakini hamwezi kuilima wala kujenga juu yake.

Hiki cha kwenu kina jambo zito zaidi: robo ya robo hiyo iko katikati ya sekshoni. Upande wake wa magharibi ni mstari wa katikati, wa kaskazini vilevile, na hakuna upande hata mmoja ulio kwenye mpaka wa sekshoni, ambako barabara nyingi ndiko zilikowekwa. Msitie saini kabla ya kuuliza kaunti mnapitia wapi, na kabla mpimaji mwenye leseni hajaonyesha bikoni. Uzio wa zamani si mpaka.

Tumeshanunua, sasa tunaambiwa njia ya kuingilia ni ya jirani. Mzee yule ni mtu mwema, anaturuhusu kupita. Inatosha? — Msomaji, Minnesota

Haitoshi. Ruhusa ya mdomo ni ya huyo mzee. Akiuza au akifariki, mwenye shamba mpya anaweza kuweka geti siku ya kwanza.

Anzeni naye wakati uhusiano ni mzuri. Mwombeni haki ya njia ya maandishi, yenye upana na maelezo ya mpimaji, isainiwe mbele ya mthibitishaji, kisha iandikishwe kwa msajili wa hati wa kaunti. Karatasi isiyoandikishwa inaweza isimfunge mnunuzi asiyejua habari zake.

Asipokubali, sheria ya Minnesota inampa nafasi mwenye kipande cha angalau ekari 5 kisichofikika isipokuwa kwa kupita ardhi ya wengine, au chenye njia nyembamba kuliko futi 33. Anapeleka ombi kwa karani wa taunshipu, likiwa na maelezo kamili ya ardhi, ramani, na majina ya wenye ardhi itakayopitiwa. Bodi, yaani wasimamizi wa taunshipu, inaita kikao, wenye ardhi wanaarifiwa na kusikilizwa, na masharti yakitimia bodi inapaswa kuanzisha njia ya angalau futi 33. Inaweza kuchagua mkondo tofauti na mliouomba ikiwa hauwaumizi wengine sana.

Wengi hukwama kwenye gharama. Mwombaji ndiye hulipa fidia ya ardhi, mpimaji, wakili na matumizi ya bodi, na bodi inaweza kudai dhamana ya fedha kabla ya kuanza. Njia ikishapatikana, taunshipu haiwajibiki kuitengeneza wala kuiondolea theluji mpaka bodi iamue hivyo. Pigeni hesabu zote mbili. Haki ya njia ya kununua kwa jirani mara nyingi ni nafuu.

Je, taunshipu ni sawa na kijiji chetu Tanzania? Nani mkubwa wake, na tunaweza kumchagua? — Msomaji, Saint Cloud, Minnesota

Inafanana na kijiji kwa jambo moja kubwa: wakazi wenyewe hukutana na kupiga kura. Haifanani kwa ardhi, maana halmashauri ya kijiji Tanzania inasimamia ardhi ya kijiji, wakati taunshipu haigawi ardhi ya mtu yeyote.

Kwa kawaida ina wasimamizi watatu, karani na mhazini. Wanagombea bila chama, na wengi wao ni wakulima au wastaafu wanaolipwa kidogo kwa kikao. Kazi yao kubwa ni barabara, kisha mkataba wa zimamoto na mji wa jirani, magugu hatari, na pengine makaburi. Baadhi ya taunshipu zina kanuni zao za ujenzi. Kwingine hiyo ni kazi ya kaunti. Polisi ni sherifu wa kaunti. Shule ni wilaya tofauti kabisa ambayo mipaka yake haifuati mraba. Kodi ya ardhi mnailipa kaunti, nusu ifikapo tarehe 15 Mei na nusu 15 Oktoba, au 15 Novemba kwa nusu ya pili ya ardhi ya kilimo. Na kama nyumba yenu iko ndani ya mpaka wa mji, hata mji wa watu mia mbili, hamko tena katika taunshipu.

Mkutano mkuu wa mwaka hufanyika Jumanne ya pili ya Machi. Karani anafungua, wakazi wanachagua mwenyekiti wa siku hiyo, kisha wanasomewa hesabu na kupiga kura juu ya kiasi cha kodi ya mwaka unaofuata, mfuko kwa mfuko: matumizi ya kawaida, barabara na madaraja, zimamoto. Kwa kawaida bodi haiwezi kutoza zaidi ya kilichopitishwa usiku huo. Kura ni ya kila raia wa Marekani mwenye miaka 18 aliyeishi Minnesota siku 20 na anayeishi katika taunshipu hiyo, awe na shamba au awe mpangaji. Mwenye kadi ya ukaazi ana ruhusa ya kuhudhuria lakini hana kura. Na anayemiliki ekari elfu lakini anaishi mjini naye hana kura.

Ukumbi huwa na watu wachache, pengine kumi na tano, na hapo ndipo ilipo nguvu yenu. Watu wanne waliokuja na hoja moja iliyoandikwa na kiasi kinachotajwa kwa dola wanaweza kugeuza bajeti. Anayekuja kulalamika bila hoja anashukuriwa, na kikao kinaendelea. Tangazo hutolewa angalau siku 10 kabla. Hali ya hewa ikizuia, mkutano husogea hadi Jumanne ya tatu.

Barabara yetu ya changarawe ni tope Aprili na mawimbi kama bati Agosti. Tukipiga simu tunaambiwa subirini. Wanatusahau kwa sababu ni wageni? — Msomaji, kusini mwa Minnesota

Kuhusu tope, hapana, kusubiri ni sahihi. Majira ya baridi ardhi huganda kwenda chini futi kadhaa. Machi inayeyuka kuanzia juu, maji yanakaa juu ya tabaka ambalo bado ni barafu na hayana pa kwenda. Changarawe ikimwagwa wakati huo inazama, na greda likipita linachanganya udongo na changarawe yote. Ndiyo maana majira hayo uzito kwenye barabara za changarawe huzuiwa kuwa tani 5 za Kimarekani kwa ekseli, isipokuwa kibao kiseme vingine. Lori moja la mbolea linalopuuza kizuizi linaharibu kazi ya mwaka mzima. Hilo ndilo la kuripoti mara moja.

Mawimbi ni jambo jingine. Huanza mahali magari yanapoongeza kasi au kufunga breki, palipo pakavu, penye changarawe isiyo na udongo wa kutosha wa kuishikanisha. Greda likiyafukia tu kwa kusambaza mawe, yanarudi baada ya siku chache. Kisu lazima kikate hadi chini ya bonde la wimbi, baada ya mvua, kisha mgongo wa barabara urudishwe: katikati iinuke nusu inchi kwa kila futi, yaani kama inchi 6 kwa barabara ya futi 24. Mgongo ukiisha, maji yanakaa katikati na mashimo yanaanza.

Ombeni changarawe mkijua bei yake. Inchi moja juu ya maili moja yenye upana wa futi 24 ni yadi za ujazo 391, karibu safari 30 za lori la yadi 13. Hiyo haitoki kwenye simu, inatoka kwenye kura ya Machi.

Kwa malalamiko, mwandikieni karani, si mwenye greda. Tajeni barabara, namba ya nyumba iliyo karibu, tarehe na picha, na muombe jambo liingizwe kwenye ajenda ya kikao cha mwezi. Msiweke kalavati wenyewe kwenye mtaro bila kibali. Likiwa dogo, maji yanapanda na kubeba barabara, na gharama itawarudia. Na theluji ya uwanjani kwenu msiisukumie barabarani, sheria inakataza.

Niko Iowa, nafuga mbuzi. Jirani hataki kuchangia uzio wa mpakani. Bodi ya taunshipu inahusika? — Msomaji, Iowa

Inahusika sana. Iowa barabara za vijijini ni za kaunti, lakini wadhamini watatu wa taunshipu, yaani bodi yenyewe, ndio wakaguzi wa uzio. Mwandikie jirani kwanza na utunze nakala. Akikataa, peleka ombi la maandishi kwa wadhamini. Watawaita nyote wawili, watakagua na kuamua nani anajenga sehemu ipi na kwa muda gani. Desturi ni kukutana katikati ya mpaka mkitazamana, kila mmoja akachukua nusu iliyo mkono wake wa kulia, ingawa wadhamini hawabanwi nayo.

Uzio unaokubalika kisheria unaweza kuwa nyaya tatu za miiba, waya wa juu ukiwa kati ya inchi 48 na 54 kutoka chini, nguzo zisiachane zaidi ya futi 16 na nusu kama hakuna vishikizo katikati. Kwa mbuzi wako huo hautoshi, watapenya. Omba wadhamini waamue kuhusu uzio usiopitisha wanyama wadogo, na ulitaje hilo katika barua ya kwanza kabisa kwa jirani, ili isionekane umebadili dai baadaye.