Maswali ya Wasomaji: Ramani ya Jinja imetoka ukungu

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi niko Jinja, Uganda, nina gesti ndogo, wageni wakishuka teksi paki wananipigia simu kila saa kuuliza njia. Nimejaribu kuchora ramani ya mji kwa GIMP, programu ya picha ya kompyuta, ukubwa pikseli 800 kwa 600, barabara nimevuta na brashi. Pale barabara mbili zinapokutana mistari inakatana vibaya, na nilipoprinti A3 majina hayasomeki. Nakosea wapi?
– Dada wa gesti, Jinja

JIBU: Dada yangu, pole kwa hela ya kuprinti. Ukungu ni mambo ya saizi tu. A3 ikilala ina upana wa sentimita 42, ukitandaza pikseli 800 hapo unabaki na nukta 48 hivi kwa inchi, na kuprinti vizuri kunataka 300. Fungua faili mpya ya pikseli 4961 kwa 3508, ile ya zamani usiikuze, utakuza ukungu.

Sasa barabara, hapa twende polepole. Brashi weka kando. Bonyeza herufi B upate zana ya njia, piga nukta mwanzo wa Main Street, piga ingine mwisho, barabara za katikati ya Jinja zimenyooka na zinakatana miraba miraba kwa hivo hutasumbuka, ni huko karibu na mto ndio utapinda kidogo. Tengeneza leya mbili, leya ni kama karatasi angavu zinazolaliana, ya chini iite kingo, ya juu iite lami. Njia ileile unaipitishia mstari mara mbili: kwa kingo mstari wa kijivu wa pikseli 40, alafu kwa lami mstari mweupe wa pikseli 30. Fanya hivo barabara zote. Ukimaliza angalia njia panda, weupe wa barabara moja umefunika kingo ya ingine na njia imefunguka yenyewe, hujafuta kitu!

Ziwa na mto Nile zipe leya yao chini ya kingo, ndio lile daraja la Nile lililofunguliwa 2018 lipite juu ya maji.

Ya kufuatishia usipige picha ya skrini ya ramani ya kampuni, hiyo ina mwenyewe. Chukua OpenStreetMap, ramani ambayo watu wanajichorea toka 2004, wanaruhusu mradi uandike kwa kona kwamba data ni yao. Iweke chini kabisa iwe hafifu, mwisho uizime.

Majina yakae leya yake, hifadhi kazi kwa XCF, faili ya GIMP yenyewe inayotunza leya, ya kuprinti toa PNG. Mimi ramani napenda kuchora kwa Inkscape, programu ingine ya kuchora, nayo ni ya bure na mistari yake haichakai hata uikuze vipi, lakini GIMP ushaizoea, maliza nayo.

Na steji ya boda iliyo karibu na gesti iandike vile madereva wenyewe wanaiita, hata kama kibao kinasema ingine, manake hilo jina mgeni ndio atamtajia mtu wa boda.