Msimamizi Anapokufanya Uitilie Shaka Akili Yako

Unyanyasaji wa kisaikolojia kazini mara nyingi hauna kelele. Msimamizi niliyefanya kazi chini yake katika idara ya uhasibu, jijini Dar es Salaam, hakuwahi kunifokea. Alinipa maagizo kwa mdomo, tena tukiwa wawili tu, na suala lilipofika kwenye kikao cha Jumatatu aliyakana mbele ya wenzangu kwa upole: "Mdogo wangu, mimi sikukuambia hivyo. Siku hizi umechoka sana." Wenzangu walinionea huruma, na huruma hiyo iliniumiza kuliko matusi, kwa sababu ilimaanisha wamemwamini.

Anayetendewa hivyo kwa muda mrefu huanza kujishuku. Nilirudia kukagua vocha nilizokwisha kuzihakiki, nikawa naamka usiku wa manane kukumbuka nani alisema nini, na kila Jumapili jioni tumbo lilinisokota. Mwajiri anayedhani kwamba hayo ni mambo binafsi ya mfanyakazi anakosea sana: Mkataba Na. 190 uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2019 unayataja wazi madhara ya kisaikolojia unapoeleza maana ya ukatili na unyanyasaji kazini.

Ushauri wangu mkubwa ni kuandika. Kila nilipopewa agizo la mdomo nilituma barua pepe fupi: "Kama tulivyozungumza saa nne asubuhi, nitalipa ankara hii kabla ya kufunga hesabu za mwezi; tafadhali nirekebishe kama sikuelewa." Hakujibu hata moja, lakini kukana kukapungua, nami nikaanza kuiamini tena kumbukumbu yangu. Usiandike kwa hasira. Taja tarehe, saa, jambo lenyewe na waliokuwepo. Mweleze pia mtu mmoja wa nje ya ofisi unayemwamini, maana ukimya humpa nguvu mnyanyasaji.

Usikimbilie kuandika barua ya kuacha kazi. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua kwamba mfanyakazi aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa, ila ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha hilo, na lalamiko lake linapaswa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kwa hiyo muone kiongozi wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria ungali kazini, ukiwa na maandishi yako mkononi.